Dakika Nane

Karatasi ina visanduku vitano.
Matamshi, msamiati, sarufi, ufasaha,
na cha mwisho, ambacho sijawahi kukielewa:
utayari wa kuzungumza.
Kila mtoto nimempewa dakika nane.

Leo ni Hull, chumba cha vyombo vya muziki,
ngoma zimefunikwa shuka, hita inakohoa,
na Nsimire Cibalonza, miaka saba,
wiki ya kumi na moja tangu ashuke kwenye ndege,
ameketi na koti lake, zipu hadi kidevuni.

Nikamwonyesha picha ya familia ufukweni.
Mwavuli, ndoo, mbwa mwenye kofia.
"Unaona nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kazini,
kile kilichopigwa pasi.
Akaitazama picha. Akanitazama mimi.
Akairudia picha.

Mtahini haruhusiwi kusaidia.
Ukurasa wa tatu, kwa wino mzito.
Wala haruhusiwi lugha nyingine yoyote,
nami nilikuwa nayo, imenijaa kinywani kama maji,
simezi, sitemi.

Dakika ya tano akamgusa mbwa: "Mbwa."
Kwa Kiingereza, polepole, kama anayejaribu barafu kwa mguu.
Nikaandika: neno moja.

"Maji yana rangi gani?"
Hapa hakusita hata kidogo.
"Kahawia."
Kwenye picha yalikuwa ya buluu, buluu ya kupigia kelele.
Nikatia mkasi. Rangi: bado hajui.

Mlangoni akageuka,
akalisoma jina langu kifuani, herufi kwa herufi,
midomo ikicheza bila sauti.
"Aksanti," akasema,
akakimbilia foleni ya chakula.
Hilo nalo halina kisanduku.

Treni ya saa tisa na nusu kwenda Leeds
hufuata ukingo wa Humber kwa muda mrefu.
Nimepita hapo miaka sita nikisahihisha karatasi,
kichwa chini.
Leo niliinua.
Mto mpana kama bahari, chini ya daraja na zaidi,
na maji yake
chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.

Maji pekee anayoyaona kila asubuhi
akienda shule.

Alama ya wino haifutwi, ndiyo kanuni.
Nikatafuta penseli mkobani, chini ya maganda ya machungwa,
nikaandika pembeni, treni ikinitikisa mwandiko:
Muulizeni tena.
Mkalisheni dirishani.