Tofaa Lisilo na Jina

Husemwa mtoto wa nyoka ni nyoka.
Aliyesema hakuijua mbegu ya tofaa.
Ipande hapa Rubaya, kwenye matuta ya juu,
ngoja miaka saba,
utavuna kitu kichungu ambacho hata mbuzi atakitema.
Tofaa halizai mfano wake. Huazimwa mwili,
kijiti kwa kijiti, kisu kwa kisu.

Ndiyo maana tulilia Bazirake alipoukata ule mti
nyuma ya zahanati ya zamani,
akapanda mikaratusi, akauza nguzo.
Simlaumu sana. Ada ya shule hailipwi kwa matunda madogo
yenye ngozi ya kahawia kama kiazi,
na Kabale mjini yapo yale mekundu ya kwenye boksi,
yanang'aa, yametoka mbali, hayana harufu.

Letu lilinukia. Ukiweka mawili uvunguni
nyumba nzima ililala ndani ya tunda.

Muuguzi aliyelileta, asimulia bibi Kyarisiima,
alibeba kijiti kwenye kopo la biskuti, kimeviringwa kitambaa kibichi.
Kibati cha jina kilikuwepo. Kutu ikala herufi,
ikasaza R moja na nusu ya kitu, labda O.
Sisi tukaliita Rwakoti, kwa ngozi yake nene.

Na udhia wake! Mti ulingoja theluji
ambayo Kigezi haijawahi kuwa nayo.
Haukulala, basi haukuamka.
Kila Juni mama yangu alipanda ngazi
akaupukutisha majani, moja moja, kwa vidole,
mpaka ukabaki uchi, ukadanganyika
kwamba baridi imekuja na imepita.
Wiki ya nne, maua.

Kisiki kilipochipua watu walishangilia.
Mimi nilinyamaza. Machipukizi yalitoka chini ya kovu:
yalikuwa ya mbebaji, si ya mbebwa.

Sasa habari ya mwizi.
Ngabirano, aliyechapwa fimbo sita
kwa kuiba matofaa ya zahanati,
alikuja kwenye msiba wa mama na koti la mvua,
akanivuta kando.
"Siku ile walihesabu matunda," akasema.
"Hawakuhesabu matawi."
Alikuwa amemtazama mama akibebesha, akaiga,
ng'ambo ya kinamasi, kwa shemeji yake,
juu ya mche mchungu uliojiotea jaani,
akafunga kwa mpira wa baiskeli.
Upo. Umepinda. Mbuzi hujikunia hapo.

Nilikata vikonyo tisa. Vitano vimeshika.
Kimoja kilizaa mwaka jana, tunda moja,
nikalila peke yangu, nimesimama, bila kulimenya,
nikasahau kumwachia mtu.

Juni imefika. Nimeazima ngazi kwa Bazirake.
Ameuliza kama nitampa mche.
Nimemwambia tutaona.