Mkono wa Kushoto

Aliiteremsha kutoka Bugarika injini imezimwa,
tenga la sato likidondosha maji juu ya mnyororo.
"Dada Milembe, giaboksi imekufa."
Kila anayekuja hapa Mabatini huja na maiti,
na mimi huomba kwanza nipime mapigo.

Sikushika spana. Nilimuuliza:
Inakataa wapi, tambarare au mlimani?
Ukiwa na mzigo, au hata mtupu?
Injini inalia lakini tairi halifuati?
Au ni gia isiyoingia mpaka uipige teke
kama mlango wa mpangaji asiyelipa?

Lushinge akajikuna kidevu.
"Mlimani. Inalia tu. Nazidisha moto,
inalia zaidi, na mimi nipo palepale
kwenye lile jiwe lenye tangazo la rangi."

Basi giaboksi ni nzima, nikasema moyoni.
Anayeteleza ni yule wa katikati,
anayekutanisha nguvu na mwendo.
Nikaminya mkono wa klachi: hauna nafasi,
waya umekazwa kama kamba ya mbuzi mkaidi.
Palipotakiwa kupita unene wa sarafu mbili
haukupita hata ukucha.

"Nani aliukaza?"
"Mimi. Ukilegea naogopa."

Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa.
Ugali ulioungulia chunguni.
Na oili yenyewe ya gari,
aliuziwa Igogo kwenye chupa ya maji ya kunywa.
Klachi hii inaogelea humohumo inamoogelea injini;
ukiipa ya gari itateleza
kama unyayo juu ya mawe ya ziwani.

Nikatandaza boksi la sabuni, nikafungua kifuniko,
kila boliti nikaichomeka mahali pake kwenye karatasi.
Sahani za chuma zilikuwa zimegeuka buluu.
Zile za kukamata zilikuwa nyembamba, laini,
soli ya ndala ya mtu mwenye safari nyingi.
Springi nne, moja fupi kuliko wenzake.

Mpya hazifungwi kavu.
Naziloweka kama maharage kwenye kopo la oili safi,
na kungoja kuloweka ndiko kunakofungua watu midomo.

Alisema: Aprili, mvua, njia imekuwa sabuni.
Abiria mama mmoja na nusu gunia la mchele.
Gia ya pili ikachomoka katikati ya mwinuko,
wakarudi kinyumenyume hadi mtaroni.
Mama alivunjika kifundo.
Mchele ukaenda na maji,
mweupe, ukiteremka kuelekea ziwani.

Tangu siku hiyo vidole viwili havijatoka juu ya klachi.
Hata tambarare. Hata barabara ikiwa tupu.
Alinionyesha, akiwa amekaa kwenye kreti la soda:
vilikuwa vimejikunja vyenyewe hewani,
vimeshika kitu ambacho hakipo.

Nikafunga. Nikamimina oili inayostahili.
Nikalegeza waya, nikapima kwa sarafu mbili za mia,
nikamrudishia sarafu zake.
"Ukishabadilisha, achia. Achia yote.
Nusunusu ndiyo inayounguza."
Hakujibu. Alilipa, ikabaki elfu nne,
akaacha na sato mmoja wa kulainisha deni.

Kutoka hapa nasikia kilima chote.
Ya kwanza, imeingia.
Ya pili, pale kwenye mashine ya kusaga, imeingia.
Kisha sauti ikaanza kupanda, nyembamba,
ule mlio ninaoujua hata usingizini,
na mimi, bisibisi mkono wa kulia,
nikajikuta nimekunja vidole vya kushoto.

Achia, Lushinge.

Oili ya zamani bado ilikuwa inadondoka kwenye ndoo.
Mlio ukashuka.
Au labda ni mashine ya kusaga iliyozimwa.