Hesabu ya Soseji Moja

Imebaki moja tu, msumarini juu ya meko,
imekunjamana kama kidole kilichokaa sana majini,
nyeusi kwa moshi wa mwaloni.
Nguruwe alichinjwa Desemba, barafu ikiwa ndooni.
Leo ni Mei, na mezani tutakuwa kumi na mmoja.

"Ukiikata vipande," anasema shangazi Belmira,
"watatu watakula, wanane watanuna."
Haba na haba hujaza kibaba;
sisi leo tunakirudisha kibaba kwenye haba.

Ngozi haitaki kutoka.
Inang'ang'ania kama mdai mlangoni.
Na pale juu, fundo:
fundo la Otilia, aliyefunga kwa mkono wa kushoto,
kitanzi kikiangalia upande usio wake.
Kisu changu kinasita.
Belmira hasemi kitu. Anaketi, anavaa miwani,
analifungua kwa kucha, taratibu,
uzi anautia mfukoni mwa aproni.

Basi. Vipande vidogo vidogo, sufuria kavu.
Mafuta inayo yenyewe, yanatoka mekundu
kama vigae vya paa baada ya mvua.
Pilipili tamu, kitunguu saumu, divai ya mwaka juzi:
harufu inapanda ngazi bila kubisha hodi,
na huko juu kitanda cha Abilio kinalia.
Tangu mazishi hajashuka kabla ya adhuhuri.

Mashine ya kusagia iliungua Pasaka,
kwa hiyo ni kinu cha jiwe, na mimi, na bega langu.
Jibini laini la mbuzi. Limau, tone.
Jibini tena.
"Nitwange mpaka lini?"
"Mpaka inyamaze."
Nacheka. Kisha nasikia:
mchi uliokuwa ukigonga sasa unanong'ona,
na ndani ya kinu kuna kitu cha rangi ya machungwa,
kizito, kinachokubali kutandazwa.

Usiku, mkate mweusi umechomwa, kumi na mmoja tunapaka.
Mtoto wa Graciano anapaka mpaka kwenye kiwiko.
Abilio anakula kipande cha kwanza akiwa amesimama,
cha pili amekaa.
"Chumvi imezidi," anasema.

Meza nzima inatulia.
Ndiyo maneno aliyomwambia mkewe kila mwaka,
miaka thelathini na minne, bakuli likiwa tupu.

Belmira anamsogezea bakuli.
Ndani ya aproni mkono wake mwingine
unauzungusha uzi, unauzungusha,
kitanzi kikienda kushoto.