Fuko Hajui Kusoma

Kibao cha serikali kimepigiliwa langoni,
Kiwelisi juu, Kiingereza chini:
usichimbe, usipande mti,
usisimike hata kigingi cha ua.
Basi kondoo wetu hulala katika boma la watu
wasioachia jina hata moja,
matuta mawili na handaki katikati,
yamekizunguka kilima kama mikunjo ya shingo nene.

Mjomba Idwal amechunga hapa miaka sitini.
Husema "boma" tu, hasemi "la kale".
Kwake ni mahali upepo unapokatika
na kondoo mwenye mimba hupata pa kujiegesha.
Mwaka wa theluji kubwa alichimba mashimo matatu ya nguzo;
akaitwa mjini, akalipa faini, akarudi kuyafukia.
Tangu hapo akipita langoni huvua kofia.
Ni dhihaka, nadhani.
Au ilikuwa dhihaka zamani.

Leo asubuhi nimekuta vifusi vipya
kumi na saba, vimelipanda tuta kwa mstari.
Fuko hajui kusoma, lugha yoyote ile.
Na juu ya kifusi cha tisa, penye udongo mweusi,
kigae.
Kipande cha mdomo wa chungu, na mdomoni
mashimo ya vidole: mtu alibinya
udongo mbichi, akabinya, akabinya,
kama mama alivyokuwa akibana kingo za pai.

Nikatia kidole changu. Kikaenea.

Siku zote niliwafikiria wenye mikuki,
waliosimama juu wakilikodolea macho bonde
adui atokee wapi. Yeye sikumfikiria,
mwenye midomo kumi na chungu kimoja,
aliyesikia makelele langoni akaendelea kubinya
kwa kuwa udongo ukikauka haukusubiri.

Sheria yataka niripoti. Nitaripoti.
Bi Tegwen wa idara atakuja na kamera na bahasha,
atauliza kilikuwa kina gani hasa.
Nitamwambia amuulize fuko.

Ila usiku huu kimo mezani,
kati ya chumvi na siagi.
Idwal anakigeuza kwenye taa, kimya,
kisha, kama anayeulizia majirani:
"Walikuwa wakipika nini?"

"Kondoo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole,
mtu aliyepata habari za nyumbani,
akavuta koti, akatoka kwenda kuwahesabu wake.