Fifi

Mashine ilianza kulalamika wiki ya Pasaka.
Shuka moja, saa mbili, na bado mbichi,
luku ikiisha kama sukari ya nyumba yenye wageni.
Nikasema ni uzee. Tuliinunua mnadani
kwa daktari aliyehama Bugando,
ikapanda Isamilo kwa mabega ya wanaume wanne,
ikapenyezwa ubavu ubavu kati ya mawe mawili,
mmoja wao akiapa hatarudi tena.

Bibi Nyanzobe hakuwahi kuikubali.
"Jua halina waya," husema,
na khanga zake huzitandaza juu ya jiwe,
hata msimu ule wadudu wa ziwani
wanapopanda kama moshi na kuzigandia.
Huzikung'uta, akajifunga.

Jumapili nikaivuta mashine ukutani.
Bisibisi mkononi, tochi mdomoni, kitambaa puani.
Bomba likachomoka kwa kikohozi.
Nikatia mkono hadi kiwiko,
nikagusa kitu laini, chenye joto kidogo,
nikautoa mbio. Nilidhani mnyama.

Kumbe ni sisi.

Juu, weupe wa shuka za mwaka huu.
Chini yake kijivu, na kijivu, na kijivu
(miaka ukiichanganya haina rangi),
halafu utepe wa kijani, mnene kama kidole:
sweta la shule la Lugembe,
alilokuwa akirudi nalo limelowa hata kiangazi,
akisema ni mvua.
Vifungo viwili. Shilingi hamsini.
Mabawa ya wadudu, makavu, kama pumba.
Na mwisho kabisa, kwenye mdomo wa nje unaotazama ziwa,
shomoro alikwishajenga na kuhama.
Tandiko lake, kijani kile kile.

Ndoo ikajaa.
Bibi akaja na fimbo yake, akachungulia.
Aliyelima pamba Magu miaka thelathini
hapiti penye pamba bila kuipima.
Akachota. Akanusa. Akaisokota pajani,
uzi ukatoka, mwembamba, kabla hajafikiri.
"Fifi," akahukumu. "Hii hata chama
wangeikataa, na wale walikuwa wezi."
Akacheka peke yake. Akaomba kiberiti.

Nilidhani anacheza.
Ule utambi haukuwaka: ulitoweka.
Ulimi wa njano, vidole vyake vikirushwa hewani,
harufu ya nywele, basi.

Nikautazama ukuta.
Nyuma yake ndicho chumba anacholala yeye,
kitanda kimesogezwa huko kwa makusudi,
kwa ajili ya miguu yake, apate joto la bomba.
Nilikisogeza mimi.

Sikusema kitu. Naye kuhusu jua hakusema kitu.
Aligeuza beseni akakalia, akanishikia tochi,
nami nikafunga brashi ya chupa kwenye ufito,
nikasugua, nikavuta, nikasugua.
"Tayari," nikasema.
"Bado."
"Bibi, mgongo."
"Palizi haiachwi katikati ya tuta."
Nikarudi ndani ya bomba.

Jioni shuka ilikauka kwa dakika arobaini.
Nje, kwenye mdomo wa bomba, pumzi ilitoka nzito,
ya moto, yenye sabuni,
ikayayumbisha majani ya mpapai.
Ndoo tuliimwagia maji kwanza,
ndipo tukaizika nyuma ya mawe.
Kitanda nikakirudisha upande wa dirisha.
Alinung'unika kuhusu baridi ya ziwa, nikampa soksi.

Lugembe yuko Geita, mgodini.
Hupiga simu akikumbuka, na siku hizi hakumbuki.

Jumatano nikafua khanga ya Bibi kwa mkono.
Kwenye ncha palikuwa na fundo, si la hela:
lilibonyea, likarudi, likabonyea.
Uzi mmoja wa kijani ulichungulia.
Nikalifua hivyo hivyo, bila kulifungua,
nikaenda kuitandaza jiweni.