Yai la Jumatano

Swaleh wa duka aliniuliza, "Yai moja tu?"
Moja tu. Andika kwenye daftari.
Sikumwambia kwamba si la kuliwa.
Hapa Maweni ukisema umenunua yai ulitazame,
kufika magharibi watu wanamuuliza mamako
umeanza lini kusikia sauti.

Mwalimu Mapenzi (jina lake tu ndilo laini)
alitupa kazi ya wiki:
kitu cheupe, juu ya kitambaa cheupe, kwa makaa.
"Na weupe msiuchore," akasema.
"Chorani kila kisicho cheupe.
Weupe utakuja wenyewe, kama paka
ukiacha kumwita."

Nikapindua ndoo, nikatandika foronya ya mto,
yai nikaliweka kati, nikasubiri saa tatu.
Chumba chetu kina dirisha moja.
Jua hututembelea muda wa kunywa chai,
kisha huhamia kwa jirani mwenye choo cha ndani.

Makaa nimeyaokota kwenye jiko la Mama Nyanje wa viazi karai,
yale membamba ya mwisho,
yaliyosahau kuwa jivu.
Kufutia nina nusu boflo:
upande huu wa chai, upande huu wa makosa.
Jumatatu nilikosea sana.
Boflo likamegeka, likamegeka,
nikalala na chai kavu.

Jumanne nikagundua: yai si jeupe.
Tumboni lina kijivu cha saruji mbichi,
na pale linapogusa foronya
kuna ukanda mwembamba wa mwanga
unaopanda kutoka chini,
kama mtu anayeitikia hodi
hali hana nguvu za kuinuka.
Ukanda huo nikaufuta, nikauchora, nikaufuta.
Jua likahama.

Jumatano nilikwenda kwa Kahindi kupaka tembo.
Tembo sijawahi kumwona
lakini nampaka kwa dakika kumi na mbili:
jua jekundu nyuma, mti mmoja, vumbi.
Mgeni analipa, Kahindi anakata chake,
mimi nabaki na theluthi ya kodi ya chumba
na kucha nyekundu kwa jua la watu.

Nimerudi, mlango uko wazi,
sufuria inafuka mvuke.
Nyevu katoka zamu ya usiku, wodi ya watoto,
bado yumo ndani ya sare,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mlangoni,
chumvi kwenye kiganja.
"Nimekuta umeniachia yai," akasema, shavu limejaa.
"Mungu akuweke. Tangu jana mchana
sijatia kitu mdomoni."

Nilikuwa na maneno. Yalinijaa hadi kooni.
Kisha nikaona, chini ya macho yake,
kile kijivu nilichokihangaikia siku mbili,
saruji mbichi,
na ule ukanda.

"Nilikuachia," nikasema.

Akalala vilevile, na kiatu chake kimoja.
Nikayaokota maganda yote, hata kipande
kilichonasa kwenye mkono wa sare,
nikayarudisha juu ya foronya
pamoja na chembe za chumvi alizomwaga.
Kingo za maganda nilizichora kwa ncha ya makaa.
Chumvi ilinishinda.
Pale penye chumvi nikaiacha karatasi ilivyo,
na nilipoinua kichwa
weupe ulikuwa umeshaingia, umekaa,
unajilamba makucha.

Ijumaa Mwalimu Mapenzi alisimama mbele ya ubao wangu.
"Yai liko wapi?"
"Limeliwa, Mwalimu."
"Na nani?"
"Na mwenye njaa."
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Akaomba boflo,
akafuta mstari mmoja pembeni ambao hata mimi
nilijua ulikuwa wa uongo,
kisha kile kipande cheusi kilichobaki
akakitumbukiza mfukoni, akaenda kwa mwingine.

Kumi na nne kwa ishirini.

Swaleh bado ananidai.