Kimya cha Kukata Uzi

Wolsi ile haikuwa na jina nyumbani kwetu.
Baba aliipiga mluzi akiwa mashineni,
Mtaa wa Sikukuu, barazani pa duka la vitambaa,
mguu ukisukuma kanyagio la cherehani,
moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu,
na suruali ya mtu ikipata miguu.

Nimeitafuta miaka sita. Sikusomea muziki.
Nina kauntabuku, kwaya mbili, na viatu vya kutembelea.

Marehemu Kayetano, mwoka mikate wa Kisutu:
wanawe wanaapa ilikuja na bibi yao kutoka Goa,
imekunjwa sandukuni
kati ya shela na picha ya Bikira Maria.
Maganga Kasele wa Magomeni Mapipa,
aliyepuliza tromboni mpaka meno yakajiuzulu,
anasema hapana, ya Mdachi hiyo,
bendi ya maaskari ikiipiga Jumapili bustanini;
Wadachi wakaondoka, wimbo ukakataa kupanda meli.

Bi Tatu (ndilo jina lake, sikulitunga mimi)
alinicheka hadi kanga ikamdondoka begani.
Akaniingiza uani kwake, Mbagala,
akaita wajukuu wawili. Michi mitatu, kinu kimoja.
Wake ukishuka kwa uzito, ya watoto ikigusa tu:
DU-ti-ti, DU-ti-ti.
"Na kinu nacho alikuja nacho Mdachi?"
Mpunga ukawa mchele.

Niliandika yote.
Kila moja lilikuwa kweli nilipokuwa nalisikia.

Ilivyosambaa si fumbo, maana wimbo haulipi nauli.
Mteja aliyengoja koti lake la harusi
aliondoka nalo, na wolsi mfukoni
kama chenji ambayo hakuihesabu.
Alikuwa mtu wa reli.
Morogoro wakaiongezea filimbi, Dodoma wakaikausha,
Tabora wakaipa maneno ya kuwasema wakwe,
ikarudi Dar ina jina jipya na vumbi,
bendi moja ya Ilala ikaipokea kama mgeni.
Kwaya ya Chang'ombe ikaipunguza mwendo, ikawa ya kuzikia.
Mwaka uleule, Keko, watoto waliruka kamba nayo.

Kila nilipoikuta niliuliza swali moja:
hapa, baada ya mzunguko wa pili, mbona mnanyamaza?
Maana kuna kimya. Kifupi, kama kope.
Mchezaji anabaki na mguu mmoja hewani,
amemshika mwenzake kiuno,
hajui amwachie au amvute,
kisha muziki unarudi kana kwamba haukwenda popote.
Wana wa Kayetano walisema ni adabu.
Kasele: hapo ndipo tulipotema mate.
Mwalimu wa kwaya: hapo anapita Roho.
Bi Tatu alikitazama kinu chake muda mrefu.
"Sisi," akasema, "hapo hatunyamazi."

Juzi, Buguruni, muuza aiskrimu alipita na baiskeli,
spika imefungwa usukanini kwa mpira wa tyubu,
na ndani yake, kwa sauti ya mbu, wolsi.
Mzunguko wa kwanza. Wa pili.
Kimya.
Nilisimama na ndoo ya maji mkononi.

Nikamwona Baba: mluzi umekatika,
kichwa kimeinama juu ya mshono,
meno yanautafuta uzi,
yanaupata,
tk,
kisha moja-mbili-tatu.
Mkasi wake uliibwa mwaka niliozaliwa.
Hakununua mwingine. Alisema meno hayaibiwi.

Maji yalinimwagikia miguuni.
Nilimkimbilia yule kijana, ndala moja imebaki nyuma,
nikamuuliza, nikihema, wimbo huu ameutoa wapi.

"Imekuja na spika," akasema.
"Mia tano, mama. Ya ukwaju au ya maziwa?"